Dafu, Bunju na Umeme wa Moyo

Wauza madafu wa Kariakoo hawahitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote aliyewahi kukanyaga Dar es Salaam. Baiskeli zao husimama kwenye kona za Mtaa wa Msimbazi, Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Uhuru, zimelemewa na madafu ya kijani. Panga huteremka mara tatu au nne, kifuniko huruka, na mteja hunywa papo hapo akiwa amesimama. Kinywaji hicho kimezoeleka mno hata fedha ya nchi yenyewe watu wameipa jina la utani la madafu. Pamoja na utamu wake kuna imani iliyoenea mjini kwamba maji ya dafu ni dawa: hushusha shinikizo la damu, husafisha figo, humrudishia nguvu mgonjwa wa kuhara. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Ina hatari pia, na hatari yenyewe haiwezi kuelezwa kwa mtu ambaye shule imemfundisha kwamba moyo ni pampu na basi.

Hapo ndipo penye kasoro. Moyo unafundishwa nusu. Mwanafunzi wa sekondari hutoka darasani akijua vyumba vinne, vali zake, mshipa mkuu utokao na mishipa iingiayo. Anaweza kuuchora mchoro wote kwa kichwa na kuutia mishale myekundu na ya buluu bila kukosea. Lakini akiulizwa ni kitu gani kinachoufanya moyo upige, hunyamaza, au hujibu kwamba ni ubongo. Jibu hilo si kweli. Moyo wa chura ukitolewa kifuani, ukakatwa mishipa yote ya fahamu na kuwekwa sahanini, huendelea kupiga. Walimu wengi wa baiolojia wameliona jambo hili kwa macho yao siku za kupasua chura, wakalipita kama kioja, kisha wakarudi kuhesabu vyumba.

Jibu la kweli limo katika chumvi na umeme. Kila seli ya misuli ya moyo imezungukwa na utando wa mafuta ambao unene wake ni kama nanomita 5. Ukitaka kupata unene wa milimita 1 huna budi kuzipanga tando kama hizo 200,000, moja juu ya nyingine. Ndani ya utando huo kuna potasiamu nyingi, na nje yake kuna sodiamu nyingi. Katika lita moja ya maji ya ndani ya seli kuna milimoli 140 hivi za potasiamu, ilhali nje zimo 4 tu. Sodiamu imekaa kinyume chake: nje 140, ndani kama 10. Tofauti iliyo kubwa kupita zote ni ya kalsiamu, kwa kuwa kalsiamu iliyo huru nje ya seli ni kama mara 10,000 ya ile iliyo huru ndani.

Tofauti hizi hazikujiweka zenyewe. Katika utando zimo mashine za protini ambazo hula nishati itokanayo na chakula, zikatoa nje ioni tatu za sodiamu na kuingiza ndani ioni mbili za potasiamu kila zinapozunguka. Mashine hiyo ilielezwa mwaka 1957 na Jens Skou wa Denmark, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye, mwaka 1997. Hiyo ni pampu hasa, tena inastahili jina hilo kuliko moyo wenyewe. Lakini kando ya pampu hizo zimo protini za aina nyingine ambazo hazisukumi kitu chochote. Hizo ni matundu yenye milango. Mlango ukiwa umefungwa, hapiti mtu; ukifunguliwa, ioni huteremka kutoka penye wingi kwenda penye uchache, au huvutwa na umeme ulio upande wa pili, kwa kasi isiyo rahisi kuaminika: ioni milioni 10 na zaidi kwa sekunde moja katika tundu moja tu.

Mkazi wa Dar es Salaam anao mfano mzuri wa jambo hili pale Magogoni, kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni. Abiria hujaa nyuma ya lango wakisubiri pantoni. Lango likifunguliwa, watu humiminika kuteremka kwenda majini, na hakuna aliyehitaji kuwasukuma. Msongamano wenyewe ndio uliowapeleka. Kisha lango hufungwa, na aliyechelewa hata kwa hatua mbili hana budi kungoja safari nyingine, ampigie kelele bawabu au asimpigie. Mlango wa sodiamu katika seli ya moyo hufanya vivyo hivyo. Hufunguka kwa muda wa elfu moja ya sekunde au zaidi kidogo, kisha hujitia komeo, na komeo hilo haliondoki mpaka utando urudi katika hali yake ya mapumziko. Ng'ambo ya maji, bandarini, winchi hunyanyua makontena kwa gharama ya mafuta na umeme. Huo ndio mfano wa pampu. Mwanafunzi aliyeziona kazi hizi mbili, ya lango na ya winchi, hatazichanganya tena katika mtihani.

Katika mapumziko, milango michache ya potasiamu huachwa wazi. Potasiamu huvuja kidogo kwenda nje, ikaacha nyuma upungufu wa chaji chanya, na ndani ya seli huwa hasi kwa milivolti 90 hivi ikilinganishwa na nje. Milivolti 90 ni kitu kidogo mbele ya betri ya tochi yenye volti 1.5. Lakini zigawanye kwa unene wa utando, nanomita 5, nawe utapata volti milioni 18 kwa kila mita. Hakuna waya wa umeme mjini unaobeba mkazo wa namna hiyo. Protini za milango zimekaa katikati ya mkazo huo, na ndiyo sababu badiliko dogo la volteji hutosha kuzipinda, zikafunguka au zikafungwa.

Pigo moja la moyo huenda hivi. Cheche ikifika kutoka seli jirani, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kishindo, na ndani ya seli hugeuka kuwa chanya. Milango ya kalsiamu hufuata, polepole zaidi, nayo hubaki wazi kwa kiasi cha moja ya tano ya sekunde. Kalsiamu inayoingia huamsha kalsiamu nyingine iliyokuwa imehifadhiwa ghalani ndani ya seli, na nyuzi za misuli hujikaza. Mwisho milango zaidi ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, na utando hurudi kwenye mapumziko. Yote haya huchukua theluthi moja ya sekunde au pungufu, nayo hurudiwa kama mara 100,000 kila siku bila ya mwenye moyo kuwa na habari. Cheche ya kwanza hutoka katika kifundo kidogo cha seli kwenye chemba ya juu ya kulia. Seli hizo zina milango ya namna ya pekee, inayofunguka wakati utando unaporudi kuwa hasi, yaani pale ambapo milango mingi hufungwa. Watafiti walioueleza mkondo wake mwaka 1979 waliuona kuwa ni kichekesho, wakauita hivyo, na jina hilo la utani limekaa katika vitabu mpaka leo. Wanasayansi nao wana fedha zao za madafu.

Inafaa mwalimu asimulie namna mambo haya yalivyojulikana, kwa kuwa historia yake inaeleweka kuliko mahesabu. Mganga mmoja wa London, Sydney Ringer, alikuwa akiutunza moyo wa chura katika maji ya chumvi. Mwaka 1882 alitangaza kwamba chumvi ya kawaida na potasiamu kidogo hutosha kuufanya upige. Mwaka uliofuata alilazimika kuyarudia maneno yake. Ilikuwa imegundulika kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yamekenekwa; yalikuwa maji ya bomba ya mjini London, yenye chokaa. Alipotumia maji yaliyokenekwa kweli, moyo ulilegea na kusimama. Alipotia kalsiamu kidogo, uliamka. Kwa maneno mengine, ile chokaa inayoganda ndani ya birika jikoni ndiyo iliyokuwa ikiushikilia uhai wa moyo sahanini. Ringer aliona pia kwamba potasiamu na kalsiamu hushindana: hii ikizidi, moyo hulegea na kusimama ukiwa umetanuka, ile ikizidi, husimama ukiwa umejikaza. Hakujua lolote juu ya milango. Hiyo ilikuja baadaye sana, kwa Hodgkin na Huxley waliopima mikondo ya sodiamu na potasiamu katika neva nene ya ngisi na kuitoa hesabu yake mwaka 1952. Kwa Neher na Sakmann waliofaulu mwaka 1976 kuupima mkondo wa mlango mmoja pekee. Na kwa Roderick MacKinnon aliyeonyesha umbo la mlango wa potasiamu mwaka 1998.

Umbo hilo lilitegua kitendawili cha zamani. Ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu. Iweje basi mlango uipitishe iliyo kubwa na kuikataa iliyo ndogo? Jibu ni kwamba ioni hazitembei uchi majini. Kila moja imevikwa joho la molekyuli za maji. Ili kupita tunduni ni lazima joho livuliwe, na kulivua kuna gharama. Kuta za mlango wa potasiamu zimepangwa atomu za oksijeni kwa vipimo vinavyolingana barabara na potasiamu, hivi kwamba ikivua joho lake hupokewa na kuta kama vile ilivyokuwa imepokewa na maji, wala haihasiriki. Sodiamu ni ndogo mno kuzigusa kuta zote, kwa hiyo haioni faida ya kuvua joho, hubaki nje. Bawabu huyu hukosea mara moja tu katika 10,000.

Sasa turudi kwa muuza madafu. Maji ya dafu yana potasiamu kiasi cha miligramu 250 kwa kila mililita 100, ingawa kiasi hicho hubadilika kwa umri wa dafu na mahali lilipoota. Dafu la wastani likiwa na mililita 400, mnywaji huingiza gramu 1 ya potasiamu, ambayo ni kama milimoli 25. Mtu mzima ana maji yapatayo lita 14 nje ya seli zake, ikiwa ni pamoja na maji ya damu. Kwa kuwa kila lita ina milimoli 4 za potasiamu, jumla yake ni milimoli 56 tu. Madafu mawili, kwa hiyo, yanakaribia kuwa na potasiamu sawa na yote iliyopo nje ya seli za mwili mzima. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifanya hesabu hii, na yafaa aifanye mwenyewe, maana akiisikia tu hataiamini.

Kwa nini basi watu hawaanguki mitaani? Kwa sababu seli za misuli na za ini huifyonza potasiamu hiyo upesi kwa msaada wa insulini, kisha figo huitoa kwenye mkojo katika muda wa saa chache. Mtu mwenye figo nzima hana la kuogopa, na dafu lake anywe kwa raha. Zaidi ya hayo, potasiamu huzisaidia figo kuitoa sodiamu, kwa hiyo wale wasemao kwamba dafu hushusha shinikizo la damu hawasemi upuuzi. Shirika la Afya Duniani lenyewe linawashauri watu wazima kupata angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku katika vyakula vyao. Hata mgonjwa wa kuhara hakudanganywa kabisa. Anapoteza potasiamu nyingi, na dafu humrudishia. Isipokuwa anapoteza sodiamu nyingi vilevile, nayo katika dafu ni haba, na kwa ajili hiyo pakiti ya chumvichumvi ya hospitali, yenye sodiamu, potasiamu na sukari kwa vipimo, ndiyo inayostahili kutangulia.

Mtego uko kwingine. Shinikizo la damu la miaka mingi huharibu figo, na hali kadhalika ugonjwa wa kisukari. Dawa kadhaa wanazopewa wagonjwa hao, mathalani kaptopirili, enalapirili, losatani na spironolaktoni, huzifanya figo zishikilie potasiamu. Hivyo mtu anayelikimbilia dafu kwa bidii kuliko wote, kwa kuwa ameambiwa litamshushia presha, ndiye huyo huyo ambaye mwili wake una uwezo mdogo wa kuitoa potasiamu yake. Huyu hatakiwi kunywa dafu kwa mazoea. Amwulize kwanza daktari anayezijua figo zake. Na hata aliye mzima ana mpaka. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtu aliyekuwa akicheza tenisi katika joto kali, akanywa chupa baada ya chupa za maji ya dafu siku hiyo moja, akaanguka. Damu yake ilikutwa na potasiamu nyingi mno, na mapigo ya moyo wake yalikuwa yamevurugika. Alipona kwa kuwa alifikishwa hospitali mapema.

Kinachotokea ndani ya seli kinaweza kukokotolewa ubaoni na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Volteji inayotokana na potasiamu hupatikana kwa kuzidisha milivolti 61.5 na logi ya potasiamu ya ndani ikigawanywa kwa ile ya nje. Kwa 140 na 4, jibu ni milivolti 95 hasi. Potasiamu ya nje ikipanda kutoka 4 hadi 8, jibu linakuwa milivolti 76 hasi. Tofauti ya milivolti 19 inaonekana kuwa ndogo. Lakini kumbuka lile komeo la mlango wa sodiamu, ambalo haliondoki mpaka utando urudi kwenye uhasi wa kutosha. Utando uliokwama juu kidogo huiacha milango mingi ikiwa na makomeo yake. Cheche ifikapo, milango michache tu ndiyo hujibu. Umeme huenda kwa kusuasua kutoka seli hadi seli, na hatimaye moyo unaweza kusimama. Katika karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, daktari huliona jambo hili mapema kwa mawimbi yaliyochongoka kama hema. Mojawapo ya tiba za kwanza ni kumpa mgonjwa kalsiamu kwa njia ya mshipa, na msomaji aliyemfuata Ringer hatashangaa kusikia hivyo.

Bunju ni ushahidi wa upande mwingine. Wavuvi wa Feri humjua samaki huyu anayejivimbisha, nao humtupa. Mwaka 1967 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha habari za mvuvi wa Zanzibar aliyefariki kwa kumla. Sumu iliyo katika ini, mayai na ngozi ya bunju huziba milango ya sodiamu kutoka nje, kama kizibo katika shingo ya chupa. Ganzi huanza midomoni, viungo hulegea, na misuli ya kupumua huacha kazi. Ajabu ni kwamba moyo huendelea kupiga. Mlango wa sodiamu wa moyo umetofautiana na ule wa neva mahali pamoja padogo, penye asidi-amino moja, na kwa tofauti hiyo sumu haiushiki vizuri. Huhitajika sumu nyingi mara mamia kuuziba. Hili si jambo la kuvutia tu. Maana yake ni kwamba aliyekula bunju anaweza kuwa amelala kama maiti, hawezi hata kukonyeza, ilhali moyo wake unafanya kazi na akili yake huenda inasikia yote. Akisaidiwa kupumua, kwa mdomo au kwa mashine, saa baada ya saa mpaka sumu imtoke, anaweza kuamka. Kijana wa pwani anayelijua hili hatakubali mtu afunikwe shuka upesi.

Dawa nazo hugusa milango hii. Mwaka 1914 daktari Wenckebach aliandika juu ya mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi aliyegundua mwenyewe kwamba kwinini, dawa ya malaria, ilimtuliza mapigo ya moyo yaliyokwenda ovyo. Kutokana na hilo ilipatikana kwinidini, mojawapo ya dawa za kwanza za kurekebisha mapigo ya moyo. Lakini upande wa pili wa shilingi ni huu: kwinini, klorokwini na dawa nyingine za ukoo wao huweza kuuziba mlango mmoja wa potasiamu unaohusika na kurudisha utando kwenye mapumziko. Pigo hurefuka, na moyo uliorefushwa pigo huweza kuingia katika mtikisiko usio na mpangilio. Mwaka 2020, watu wa nchi nyingi walipoinunua klorokwini kwa pupa wakidhani ni kinga ya korona, mamlaka za dawa zililazimika kuonya juu ya moyo. Anayechanganya dawa mbili au tatu kwa ushauri wa jirani, pasipo cheti, anashika vitasa vya milango asiyoiona.

Haya yote mwanafunzi anaweza kuyajua na bado yasimfae kitu nyumbani. Chukua kijana wa Ilala aliyesoma ioni na utando kwa Kiingereza, akafaulu. Anamkuta bibi yake, mwenye presha na figo zilizochoka, akinywa dafu la pili la siku. Anamwambia, “Bibi, shikamoo. Dafu hilo lina potasiamu.” Bibi anaitika marahaba, kisha anauliza, “Kwani hiyo ni sumu, mjukuu wangu? Mbona babu zako wamekunywa miaka yote?” Kijana hana jibu. Maneno ya mtihani anayo. Maneno ya kuzungumza na bibi hakupewa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi kubwa ambayo bado inastahili kuwamo katika kila maktaba ya shule. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu na haumalizwi hapa. Lakini hakuna sheria inayomkataza mwalimu kutenga dakika kumi mwishoni mwa kipindi, akawaambia wanafunzi wake: mwelezeni bibi.

Zoezi hilo litawalazimisha kutafuta maneno, nalo ni zuri kwa sababu maneno mabaya hupotosha sayansi yenyewe. Wako wanaopendelea kuita tundu la ioni “mfereji”. Neno hilo lina sura ya kitaalamu, lakini mfereji hauna mlango. Maji hupita humo daima, na mwanafunzi atadhani ioni nazo hupita daima. “Njia” ni pana mno. “Chaneli” imekwisha chukuliwa na televisheni. “Mlango wa ioni” unashinda yote. Mswahili wa pwani anajua mlango una mabawa, una kitasa, una komeo, na kwamba kufungwa si sawa na kutiwa komeo. Tofauti hiyo ndiyo hasa inayomwua mgonjwa wa figo, na lugha nyingine zimehangaika kuitafutia maneno. Bibi naye ataelewa akiambiwa kwamba milango ya moyo wake imekwama kwenye komeo.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya chuo kikuu, na kwamba shule hazina vifaa. Kuhusu la kwanza, ugonjwa haumngoji mtu apate digrii. Kuhusu la pili, vifaa alivyotumia Ringer havizidi vile vya maabara ya kawaida ya shule. Lita moja ya maji yaliyokenekwa hutiwa gramu 6.5 za kloridi ya sodiamu, gramu 0.14 za kloridi ya potasiamu, gramu 0.12 za kloridi ya kalsiamu na gramu 0.2 za bikaboneti ya sodiamu. Chura yule yule anayeuawa kwa ajili ya somo la upasuaji atatosha. Hapana haja ya kuua mwingine. Moyo wake utolewe kwa uangalifu, pamoja na ile sehemu ya nyuma ambako mishipa mikubwa huingilia, kwa kuwa ndiko cheche ya chura inakoanzia, kisha uwekwe katika sahani yenye maji hayo. Wanafunzi wahesabu mapigo kwa dakika. Halafu maji yamwagwe, yatiwe mengine yasiyo na kalsiamu, wahesabu tena, na waandike ni dakika ngapi zimepita kabla ya moyo kulegea. Sahani ya tatu iwe na potasiamu mara kumi. Moyo ukisimama usitupwe. Urudishwe katika maji ya kwanza, na darasa lingoje kimya, mmoja wao akiwa ameshika saa.